Mwaka Niliomkamata Mkubwa Wangu

Nilikuwa nimenyoa ndevu upande mmoja tu Parsitau aliponipigia simu. "Wafula," akasema, "Yeyo ametuacha." Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na sisi sote tuliowahi kumfanyia kazi Mama Resian pale Kitengela, Mluhya, Mjaluo na Mkamba, tulimwita hivyo akiwa hayupo. Akiwepo tulimwita Mama Resian, tena kwa sauti ya chini. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, na povu likanikaukia shavuni. Parsitau alinisubiri nimalize, kwa maana hajawahi kumharakisha mtu, kisha akaniambia mazishi ni Ijumaa nyumbani kwa marehemu, nje kidogo ya mji wa Kajiado, na hema tutasimamisha sisi wenyewe wa zamani. "Tuko wanne na magoti matatu mazima," akasema. "Kuja na glavu." Mke wangu, Nekesa, alinikuta nikicheka na kulia kwa pamoja, akaniuliza nini kimenipata. Sikuweza kumweleza wakati huo, ingawa yeye mwenyewe yumo ndani ya kisa hiki, tena mahali panaponiaibisha mpaka leo.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, diploma ya usimamizi wa biashara ndani ya bahasha ya plastiki, na chumba kimoja cha kupanga ambacho mlango wake ulifunguka nusu kwa sababu ya kitanda. Mama Resian alikodisha mahema, viti na sufuria kubwa, pamoja na wapishi, kwa harusi, matanga na harambee, kuanzia Kitengela hadi karibu na mpaka wa Namanga. Mimi aliniajiri niandike oda. Stoo yetu ilikuwa banda la mabati kando ya barabara ya Namanga, na ndani yake kulinuka turubai lililokunjwa likiwa na unyevu, vitunguu, na viatu vya Mutiso, dereva wetu wa lori. Saa saba mchana tulikaa juu ya mahema yaliyokunjwa, Mama Akoth mpishi akatupakulia ugali na matumbo, na Parsitau, fundi wa mahema, akatoa supu yake ya mifupa aliyoichemshia magome machungu ya miti. Alisema inasafisha mwili. Mimi ilinisafisha mara moja tu, alasiri nzima, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiimwaga nyuma ya pipa wakiangalia kando. Nimekula hoteli nyingi tangu wakati huo, mikutanoni na semina, na sijawahi kukaa mezani pa watu waliokuwa huru kuniambia ukweli kama pale.

Ubaya ni kwamba mimi sikutaka ukweli, nilitaka kuongoza. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba watu ni wa aina nne: anayeamuru, anayependeza, anayefikiri na anayefuata, na kwamba kiongozi bora huanza kwa kujua nani ni nani. Basi nikatengeneza maswali kwenye karatasi, nikawapa wenzangu baada ya chakula. Swali la kwanza liliuliza, ukiwa kwenye sherehe hupenda kukaa wapi? Mama Akoth akajibu, "Karibu na sufuria." Mutiso akasema, "Ndani ya lori, nikiwa nimelala." Parsitau alishika kalamu muda mrefu sana, akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Sherehe ya nani?" Nikamwambia sherehe yoyote tu. "Hakuna sherehe yoyote tu," akasema. "Kila sherehe iko na mwenyewe." Nikaandika kwenye daftari langu: Parsitau, aina ya nne, anayefuata, hawezi kufanya uamuzi. Daftari hilo bado ninalo, na Nekesa huwasomea wageni wakija.

Mwezi wa tano Mama Resian alituita stoo, akakaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake magotini. Nyonga ilikuwa imemwisha, madaktari walitaka kumfanyia upasuaji, na angekuwa kitandani miezi mingi. Alitaka tumchague mmoja wetu asimamie kazi. "Sitachagua mimi," akasema. "Nikichagua mimi, mtamtii kwa sababu yangu. Mchague wenyewe Jumatatu." Kisha akanyanyua nyundo nzito ya kupigilia vigingi, ile ya mpini mweusi ambayo hakuna aliyeiazima bila kumuuliza, akailaza juu ya rundo la mahema. Atakayechaguliwa atashika hiyo. Papo hapo nikaanza kutunga hotuba kichwani. Ni nani mwingine mwenye diploma?

Nilikuwa na sababu nyingine, nayo sikumwambia mtu. Nekesa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rongai, na tulikuwa tukipatana Jumapili mbili kwa mwezi. Mara ya tatu kuonana, aliniuliza kazi yangu ni gani, na kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshasema, "Meneja." Aliamini. Hata akanihurumia, akasema kazi ya meneja lazima inachosha. Kila Jumapili uongo ule ukazidi kunenepa: nikawa na ofisi, nikawa na katibu anayekohoa. Sasa Mungu mwenyewe alikuwa ameleta nafasi ya kuugeuza uwe kweli, na nilijua nikiikosa, siku moja Nekesa atajua, na sitampata tena. Hilo tu ndilo lililonikosesha usingizi.

Ijumaa ile nilijilaza ndani ya hema lililokunjwa nusu, nikitunga hotuba, Mutiso na Mama Akoth wakaingia kupanga sahani bila kuniona. "Unafikiri tupee Wafula?" akauliza Mutiso. Mama Akoth akacheka kicheko chake cha tumboni. "Huyo? Akipewa nyundo, mpaka kupumua tutaandikia barua." Mutiso akasema, "Lakini amesoma." "Amesoma sana," akakubali Mama Akoth, "mpaka hajui chumvi inawekwa wakati gani. Juzi aliniuliza maono yangu ni gani kuhusu pilau." Nilibaki humo ndani nikitoka jasho kwa robo saa, na badala ya kujifunza kitu, niliamua kwamba hotuba yangu inahitaji mifano zaidi.

Jumatatu nilivaa tai. Nilibandika karatasi kubwa ya manila kwenye mabati, yenye mishale na maneno maono, malengo, motisha, nikazungumza dakika ishirini na tano. Nilipomaliza, lori la mizigo lilipita barabarani na kila mtu akaligeukia kwa shukrani. Mama Resian akauliza, "Parsitau ako wapi?" Mutiso akasema, "Alienda Mashuuru tangu jana. Alisikia tunataja jina yake, akasema ng'ombe yake moja imepotea." Mama Resian akatabasamu. "Parsitau hana ng'ombe Mashuuru," akasema, na wote wakaanza kuitikia kwa vichwa kama watu waliopata jibu la hesabu. Mama Akoth akasema ni huyo. Mutiso akasema ni huyo. Nikauliza watamchagua vipi mtu ambaye hayupo, hakuomba, na hakuleta hata karatasi.

"Kwetu," akasema Mama Resian, "kiongozi wa rika hapigi kampeni. Wazee wanamchagua kimya kimya, halafu wanamshika ghafla, juu akijua, atatoroka. Kazi hiyo ni mzigo. Mwenye anaikimbia, ameona uzito yake. Mwenye anaikimbilia, ameona nyundo peke yake." Alisema bila kuniangalia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha akageuka. "Wafula, wewe uko na miguu mizuri. Endeni na Mutiso mniletee yeye."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Mashuuru kwenye lori lenye vumbi, nikiwa bado na tai, kumkamata mtu aliyenishinda uchaguzi bila kugombea. Tulimkuta hotelini, akinywa chai na chapati tatu, amekaa mahali anapoona barabara. Alituona kabla hatujazima injini. Mutiso aliteremka polepole akisema kwa salamu ya Kimaasai, "Supa, Parsitau, tunakusalimia tu," na Parsitau akaweka kikombe chini kwa adabu, akamlipa mwenye hoteli, akatokea mlango wa jikoni akikimbia. Nilimfuata. Tulizunguka choo, tukapita katikati ya mbuzi wa mtu, tukaruka mtaro, na mama mmoja muuza nyanya akapiga kelele, "Mwizi!", jambo lililotuongezea wakimbiaji. Mwishowe nilimrukia nikamshika kiuno, tukaanguka pamoja kwenye rundo la magunia. Alikuwa akihema, na macho yake yalikuwa na hofu ya kweli, ambayo sikuitegemea. "Wafula," akaninong'oneza, "wewe unaitaka. Sema hukuniona." Naapa nilifikiria. Kisha Mutiso akafika, na ule umati wa watu waliokuja kumpiga mwizi, na ikabidi niseme kwa sauti, huku nimemkalia kifuani, "Huyu si mwizi. Huyu ni meneja wetu."

Baadaye nilifundisha uongozi kwa miaka mingi, katika chuo kidogo hapa Kitengela, na kila muhula mwanafunzi aliniuliza kiongozi bora hufanya nini. Niliwaambia kuhusu maono na malengo, kwa sababu ndivyo vilivyoulizwa kwenye mtihani. Sikuwaambia kwamba kiongozi bora niliyewahi kumwona hakutoa amri hata moja kwa mwezi mzima. Kabla ya kila kazi Parsitau alitukalisha chini, akampa nyundo yule anayesema machache kuliko wote, kwa kawaida Mutiso, na mwenye nyundo akaeleza atashika nini siku hiyo: kamba gani, nguzo gani, sufuria gani. Kisha nyundo ikapita kwa mwingine. Parsitau aliongea mwisho, na mara nyingi alisema, "Ni hivyo." Mimi mambo hayo yaliniua. Nyundo ilipofika kwangu niliipitisha haraka kama kiazi cha moto, nikisema, "Mimi sina kamba, mimi niko na programu," na kila mara Parsitau aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, Wafula. Lakini siku moja utatafuta cha kushika."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, kule Kajiado, kwenye harusi ya binti wa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Tulifika asubuhi, uwanja mkavu, ng'ombe watatu tayari wamechinjwa, na Parsitau akatukalisha kama kawaida. Wageni walikuwa wameanza kuingia nasi bado tunapitisha nyundo. Nilimwonyesha saa yangu. Nikamwonyesha programu, niliyoiandika kwa kalamu ya rangi mbili. Akamuuliza Mutiso, "Leo upepo ukija, wewe utakuwa wapi?" Mutiso akasema, "Kamba ya nyuma, upande wa mlima." Mama Akoth akasema, "Mimi kama kuna shida nitawacha nyama, nishike nguzo ya katikati. Hii mwili Mungu alinipea na kazi yake." Walizungumza hivyo nusu saa nzima. Niliandika daftarini: upotevu wa muda.

Bibi harusi alikuwa ameketi, mchungaji ameinua mikono kwa sala, tulipouona mzunguko wa vumbi ukitoka upande wa soko la mifugo. Ulikuwa mrefu kama mnara, mwekundu, ukibeba karatasi za plastiki na kofia ya mtu. Sikusikia amri yoyote. Mutiso alikuwa ameshafika kwenye kamba yake ya nyuma. Vijana wa kibarua waliotupangia viti walikuwa kwenye kamba nne za pembeni. Mama Akoth alikuja mbio na mwiko mkononi, akaikumbatia nguzo ya katikati kama mume aliyerudi kutoka vitani, na hema lile la watu mia tatu likajaa upepo, likapaa kidogo, likatulia, likapaa tena. Kila mtu alikuwa na cha kushika isipokuwa mimi. Nilikimbia huku na kule nikipiga kelele, "Fuateni programu!" mpaka programu yenyewe ikanichomoka mkononi ikaenda Namanga. Ndipo Parsitau, akining'inia kwenye kamba ya mbele, akaniita kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa: "Wafula! Shika mtu!"

Mtu wa karibu alikuwa Mama Akoth. Nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili, nikafumba macho, nikaweka shavu kwenye mgongo wake uliokuwa na harufu ya kitunguu na moshi. "Shika vizuri, Meneja!" akanipigia kelele, kwa sababu ndivyo alivyonitania tangu siku ya hotuba. "Usinifinye, shika!" Tulikaa hivyo labda dakika mbili. Vumbi lilipopita, hema lilikuwa limesimama, mchungaji akasema amina, na mimi nikafungua macho. Katika safu ya pili, akiwa na gauni la kijani na vumbi kwenye nyusi, Nekesa alikuwa ananiangalia. Bibi harusi alikuwa mwalimu mwenzake.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwachilia Mama Akoth kwa haraka, akageuka, akamwona msichana, akaniona mimi, akaelewa yote. "Ni huyu wa Rongai?" akaniuliza. "Na ulimwambia wewe ni nani?" Alifuta mkono kwenye aproni yake, akanipa mwiko, akasema, "Enda umpakulie nyama. Na umwambie ukweli kabla haijapoa."

Nilimpelekea sahani. Nekesa alikula kidogo, kisha akanyoosha kidole kwa Parsitau, aliyekuwa anazunguka akigusa kila kamba. "Yule ndiye meneja?" Nikasema ndiye. "Na wewe?" Nikamwambia mimi huandika oda, sina ofisi, na yule katibu anayekohoa hayuko duniani. Akauliza kama Parsitau alipewa kazi kwa kusoma. Nikamwambia hapana, alikimbia, na mimi ndiye niliyemkamata. Ikabidi nimweleze Mashuuru yote, choo, mbuzi, muuza nyanya, na nilipofika pale nilipomkalia mkubwa wangu kifuani, Nekesa aliweka sahani chini, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la uso. "Wafula," akasema alipopata pumzi, "nilikuwa nimechoka na meneja. Alikuwa anajisifu sana. Lakini huyu wa kushika mama wa watu kiuno ndio asiruke, huyu naweza kumzoea." Wiki iliyofuata, nyundo iliponifikia, sikuipitisha. Nikasema, "Mimi nitashika kamba ya mbele, kushoto." Parsitau akasema, "Ni hivyo." Sijawahi kupata cheo kilichonifurahisha hivyo.

Mambo haya yote yalikuwa kichwani mwangu Ijumaa iliyopita tulipomzika Mama Resian. Hema tulisimamisha wenyewe, Mama Akoth akiwa kwenye kiti akituambia tumezeeka. Baada ya maziko, binti wa marehemu, Resian, alituita pembeni na wafanyakazi wa sasa. Mume wake, Kelvin, alikuwa amevaa suti ya buluu na ameshika karatasi zilizochapwa vizuri, akazungumza muda mrefu kuhusu maono ya kampuni. Lori likapita barabarani. Parsitau alisubiri, kisha akasema magoti yake yamekataa, na nyundo aliyoishika tangu mwaka ule inataka mtu mwingine mpaka vijana wakomae. Mutiso akaacha kutafuna. Akaanza kuangalia viatu vyake. Mama Akoth naye akawa anasoma mawingu. Kisha Parsitau akaniuliza kwa upole sana, "Wafula, si ulisema chuo kimekustaafisha?"

Niliielewa sauti ile. Na ninaapa, mimi niliyevaa tai kwa ajili ya nyundo hiyo, niliogopa kwa dhati ya moyo. Niliona wale wafanyakazi kumi na saba, watoto wao wanaosoma, mahema yaliyochakaa, upepo wa Kajiado usiomjua mwenye diploma. Nikasema nakwenda kujisaidia. Nilitembea kawaida mpaka kona ya nyumba, nikaupita mlango wa choo, nikaongeza mwendo kuelekea lango. Nilikuwa karibu kabisa. Nekesa alikuwa pale langoni na chupa ya chai.

"Choo kiko huko nyuma," akasema.

"Najua. Nimeacha kitu kwa gari."

"Tulikuja na gari ya Mutiso," akasema, akaniangalia miguu, na nikauona uso wake ukibadilika. Aliweka chupa chini taratibu, akanishika koti kwa mikono yote miwili. "Parsitau!" akaita, na sauti yake ilisikika mpaka kwa majirani. "Ako hapa! Nimemshika!"

Walikuja wote, wengine wakicheka, Parsitau akichechemea nyuma, akailaza nyundo ile ya mpini mweusi mikononi mwangu. Nilimwambia, "Sema hukuniona." Akasema, "Nimekuona miaka thelathini, Wafula." Na wakati huo huo turubai likapiga kofi juu yetu, kwa maana upepo wa alasiri ulikuwa umeanza na hema lilikuwa bado halijateremshwa. Wote wakanigeukia. Nilitafuta maneno ya hekima, sikuyapata, basi nikampa nyundo dada mmoja mnyamavu aliyesimama mwisho, akasema atashika kamba ya nyuma. Akampa mwenzake. Ikazunguka hivyo mpaka ikamfikia Kelvin, aliyeiangalia, akaangalia suti yake, akaipitisha haraka.

"Mimi niko na programu, mzee," akasema.

Upepo ukavuma tena, nguzo ikalia. "Weka chini hiyo karatasi, mtoto wangu," nikamwambia. "Kuja unishike mimi."